Verna Haonekani Tena Saa Kumi na Mbili

Kitendawili! Kila jioni yumo nyumbani mwangu, na hata siku moja hajala kwangu.

Unasema paka wa jirani? Paka wa jirani anakula, tena anakula kuliko mwenye nyumba. Unasema kivuli? Umekaribia, lakini hapana. Haya, umeshindwa, nipe mji. Umenipa Peterborough, ule mji wa karibu na Toronto? Naupokea kwa mikono miwili, maana waliokijua kitendawili hiki kwa machozi wanakaa huko huko, katika nyumba ya matofali nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Jibu lake ni mtu wa kwenye televisheni.

Jioni hiyo Orrin Kilbride, aliyefundisha useremala shule ya sekondari mpaka akastaafu, alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Suruali ilikuwa imepigwa pasi, nywele amezilowesha maji akazichana upande. Alikuwa anamsubiri mke wake. Na mke wake, Verna, alikuwa jikoni nyuma yake, anakoroga supu ya njegere.

"Dada," Orrin aliita bila kugeuka. "Acha sufuria uje. Mke wangu anakaribia kutokea."

"Nakuja," alisema Verna.

Alifuta mikono, akaja akakaa ukingoni mwa kochi. Taarifa ya habari ikaanza. Msomaji akasoma ya bunge, akasoma ya mafuriko, akafika kwenye vita vile ambavyo Verna alikuwa akiviripoti mpaka juzi juzi. Pale ambapo angetokea yeye akatokea kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, amesimama kwenye baraza la hoteli nchi nyingine kabisa, anasimulia aliyoyasoma.

"Nani huyu?" Orrin aliuliza.

"Mwenzake. Wamepokezana zamu."

"Zamu gani? Vita vile ni vya mke wangu." Akasogea mbele, akagonga kioo kwa kidole kama anayegonga mlango wa mtu. "Verna! Verna, uko wapi?"

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na Verna mwenyewe ndiye aliyeiweka. Huko alikokuwa anatumwa, simu zilikuwa hazipatikani, au zilikuwa zinasikilizwa na watu wabaya. Kwa hiyo aliwaambia: ukiniona saa kumi na mbili, niko hai. Usiponiona, vumilia mpaka kesho. Orrin aliishi kwa sheria hiyo miaka yote ya ndoa. Halafu maradhi ya kusahau yakamwingia, yakachukua funguo, yakachukua majina ya wanafunzi wake, yakachukua njia ya kwenda dukani. Sheria ile hayakuichukua. Na kituo chake cha televisheni kilipofunga ofisi zake za nje na kumrudisha Verna nyumbani kwa shukrani na keki, kumbe maradhi yalikuwa yameshamtangulia. Sura yake ya karibu yalikwisha kuibeba. Ya kwenye kioo ndiyo yaliyoiacha.

Kijana wa ndevu akaaga. Orrin akazima televisheni.

"Leo hayupo," alisema. "Basi. Tuvumilie mpaka kesho."

* * *

Siku za mwanzo Verna alifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Alimwambia ukweli.

"Orrin, nitazame. Ni mimi. Nimerudi."

Orrin alimtazama kwa adabu, kuanzia nywele mpaka miguu.

"Dada yangu," alisema, "usinichezee. Mke wangu ana nywele nyeusi. Anavaa hereni. Na havai ndara."

"Nywele nilikuwa napaka rangi. Na ndara hukuziona kwa sababu kamera inaishia kiunoni."

"Unamsema mke wangu anapaka rangi?" Akasimama. "Mwanamke yule yuko penye risasi sasa hivi! Wewe umekaa humu ndani kwenye joto, unakunywa chai yangu, unamsengenya! Toka!"

Siku nyingine alipojaribu tena, Orrin alimrushia kikombe. Hakikumpata. Verna aliokota vipande mwenyewe, amepiga magoti, na Orrin akamsaidia huku akimwonya asije akajikata. Alikwisha kusahau aliyekirusha.

Ndipo Shelagh, binti yao, anayefanya kazi ya keshia kwenye duka la vyakula mtaa wa pili, akapata wazo ambalo alidhani ni zuri. Orrin alikuwa amerekodi taarifa zote za mkewe, kanda juu ya kanda, zimejaa chumba cha chini. Shelagh akapandisha deki ya zamani, akafuta vumbi, akaweka kanda saa kumi na mbili ilipofika.

Verna akatokea kwenye kioo. Kijana, nywele nyeusi, upepo unampiga, nyuma yake daraja limekatika.

Orrin akatabasamu. Kisha tabasamu likaganda.

"Hilo koti la rangi ya mchanga," alisema polepole. "Hilo liliungua. Aliniambia liliungua kwenye gari."

"Labda alinunua jingine, Baba," alisema Shelagh.

Kanda ikaendelea. Verna wa jangwani, Verna wa kambini, Verna amevaa kofia ya chuma. Orrin hakumfuatilia tena mkewe. Alikuwa anatazama chini, anatikisa kichwa.

"Nyinyi hamjui," alisema. "Mimi nimetazama habari maisha yangu yote. Mtu wao akiwa hai wanamwonyesha alipo leo. Wakianza kutoa picha zake za zamani, moja baada ya nyingine, mfululizo namna hii..." Akafunika uso kwa mikono yake mikubwa ya useremala. "Wamemuua. Wamemuua Verna wangu."

Shelagh alikimbilia deki akaizima, lakini alikuwa amechelewa. Na Verna, pale alipokaa, hakuweza hata kubisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwamo studioni siku kituo kilipomfanyia hivyo Jean-Guy, mwenzake wa Montreal. Picha za zamani, mfululizo, na muziki wa taratibu chini yake.

* * *

Asubuhi yake Orrin alivaa suti nyeusi. Akakaa sebuleni kupokea wageni.

Mzee Haslett wa nyumba ya pili alikuja kuzoa theluji mlangoni, kama anavyofanya kila inapoanguka. Orrin akamfungulia.

"Asante kwa kuja, Haslett. Bado hawajaniambia mwili utafika lini."

Mzee wa watu alisimama na sepetu lake. Alimtazama Orrin, akamtazama Verna aliyekuwa nyuma na sinia ya chai, akamtazama Orrin tena. Akavua kofia.

"Pole sana, Orrin," alisema. "Alikuwa mwanamke shujaa."

"Alikuwa shujaa," Orrin aliitikia. "Dada, mpe mgeni chai."

Verna akampa chai. Mzee Haslett aliinywa kwa haraka ingawa ilikuwa ya moto, akaogopa kumtazama machoni. Wakati wa kutoka alimshika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe pia, pole," akatoka kwenda kuzoa theluji ya nyumba nzima mpaka uani ambako hakuna anayepita.

Orrin hakula siku ile. Wala iliyofuata. Supu iliwekwa, ikapoa, ikaondolewa. Alikataa mkate wa kuchoma na siagi. Alikataa pai ya viazi na nyama ambayo zamani alikuwa akiila mpaka Verna anamficha. "Mfiwa hali," alisema tu. Dawa nazo alizitema kwenye leso.

"Nimezungumza na daktari," Shelagh alimwambia mama yake jikoni. Bado alikuwa na sare ya duka, jina lake limebandikwa kifuani. "Asipokula mpaka Jumatatu anaingia hospitali. Na akiingia hospitali, Mama, hapa harudi tena. Watamtafutia kitanda kwenye nyumba ya wazee popote kitakapopatikana. Kinaweza kuwa mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Sisi hatuchagui."

"Hapelekwi popote. Mimi nipo."

"Wewe upo?" Shelagh alicheka kicheko kisicho na furaha. "Haya, upo. Tangu umekuja umemrudishia nini? Mimi nilikuwa namwogesha, namlisha, tunaimba, jioni anakutazama, analala. Umekuja, sasa anakuombolezea."

"Ni wewe uliyeweka kanda, Shelagh."

"Ndiyo, ni mimi! Kwa sababu wewe kazi yako ni kusema na dunia nzima, na kwa baba yangu umeshindwa kusema neno!"

Birika likapiga mluzi, hakuna aliyeliepua.

"Unajua nilikuwa nakuuliza nini kwenye simu nilipokuwa mdogo?" Shelagh aliuliza. "Zile mara chache ulizopiga. Sikuuliza zawadi. Nilikuuliza unarudi lini. Na Baba akichukua simu alikuuliza hilo hilo. Wewe ukasema kazi ikiisha. Kila mara, kazi ikiisha."

"Hatutaji siku," alisema Verna.

"Nini?"

"Sisi tunaokwenda kule, hatutaji siku ya kurudi. Jean-Guy alitaja. Aliwaambia wanawe Jumapili." Akaepua birika. "Na Jumapili kweli alifika. Walimpokea uwanja wa ndege, wote na nguo zao nzuri, wanamngoja ateremshwe ndani ya sanduku."

Shelagh alibandua kile kibandiko cha jina kifuani, akakibandika tena, akaenda zake zamu ya jioni.

* * *

Verna alipanda basi mpaka Toronto. Aliona kuna njia moja tu. Kanda za zamani zimemuua, basi itafutwe mpya imfufue. Angeomba dakika moja tu ya studio.

Mlangoni pa kituo, chini ya picha kubwa za watangazaji, picha yake ilikuwa imeondolewa. Pale ilipokuwa palibaki ukuta mweupe kuliko ukuta mwingine. Mlinzi alikuwa kijana mgeni.

"Jina?"

"Verna Kilbride."

"Unakuja kumwona nani?"

"Nilikuwa nafanya kazi hapa."

"Sawa, mama, lakini unakuja kumwona nani?"

Akabandikwa karatasi ya MGENI kifuani. Mkuu wa habari alimpokea vizuri, jamani, tusimsingizie. Ni mwanamke wa umri wa Shelagh, anayesema haraka na kutabasamu haraka. Alimsikiliza Verna mpaka mwisho, na machozi yakamlengalenga kidogo. Kisha akasema kampuni haiwezi kutengeneza habari ambayo si habari. Watu wa sheria hawatakubali. Leo vyombo vya habari vinashutumiwa sana, Verna anaelewa kuliko mtu yeyote.

"Ninaelewa," alisema Verna. "Hata mimi ningekataa."

"Lakini tunakukumbuka sana. Subiri." Akafungua kabati, akamtolea kikombe chenye nembo ya kituo. "Chukua. Vile vipya."

Verna aliteremka na kikombe mkononi. Nje, upepo wa ziwani ukambandua karatasi ya MGENI, ukaenda nayo.

* * *

Tadek Wysocki alikuwa mpiga picha wake. Wamelala mtaro mmoja, wamekula kopo moja la maharage, wamegombana kila nchi. Yeye alipunguzwa kazini mapema zaidi na sasa alikuwa anapiga picha za harusi. Verna alipompigia simu, hakumwacha amalize.

"Nakuja kesho, bosi. Nina harusi ya saa tisa, lakini bwana harusi mwenyewe sura haipigiki."

Walisimama nyuma ya kiwanda, kwenye ukuta wa matofali uliomomoka. Verna alikuwa amepaka nywele rangi, amevaa hereni, koti na skafu. Chini alivaa suruali ya kulalia na buti za theluji.

"Juu waziri, chini mfua nguo," alisema Tadek, anafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu. "Nimekukumbuka, bosi. Sogea kushoto, hilo pipa linaharibu. Hivyo. Sasa ukuta huu unaweza kuwa popote. Sema uko mahali popote wanapopigana."

"Nitasema nini?"

"Sema u mzima. Sema mstari wa mwisho, jina na mahali. Si anasubiri hiyo?"

Verna alishika maikrofoni. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi. Akasema yuko salama, akasema hali ni tulivu, akasema wanaomsubiri nyumbani wasihuzunike, wale chakula chao. Sauti ilikuwa ile ile, imenyooka kama uzi wa fundi. Akafika mstari wa mwisho.

"Mimi ni Verna Kilbride..."

Akashusha maikrofoni.

"Mahali," alisema Tadek nyuma ya kamera.

"Siwezi."

"Bosi, ni kwa ajili ya mgonjwa. Sema mji wowote."

"Tadek, kuna watu wamefariki katika miji hiyo. Mimi nimewahesabu. Sijawahi kusema niko mahali ambapo sipo. Hata siku moja, hata kwa mita kumi, wewe shahidi."

"Mimi shahidi," Tadek alikubali. Alikohoa, akatazama theluji. "Basi sema ulipo. Nimewasha."

* * *

Jumapili, saa kumi na mbili. Orrin alikuwa amelala kwenye kochi na suti yake, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Hakutaka televisheni. Shelagh ndiye aliyemwinua akamwekea mto mgongoni.

"Kuna habari, Baba."

"Wanazika?"

"Tazama tu."

Tadek alichomeka flashi nyuma ya televisheni, akajibanza pembeni na waya zake. Verna alikaa ukingoni mwa kochi. Alikuwa amefunga kitambaa juu ya nywele alizopaka, amevua hereni, amevaa ndara. Kioo kikawaka.

Orrin alitazama. Kwanza mdomo, kisha shingo, kisha mgongo wote ukanyanyuka kutoka kwenye mto.

"Skafu hiyo siijui," alinong'ona. "Ni mpya. Ni mpya!" Akamshika Shelagh mkono. "Kimya, anaongea."

Kwenye kioo Verna alisema yuko salama. Alisema hali ni tulivu. Aliwaambia wanaomsubiri wale chakula chao. Orrin akawa anaitikia kila neno, machozi yanapita kwenye ndevu zake za siku tano asizozinyoa.

"Mimi ni Verna Kilbride," alimalizia mwanamke wa kwenye kioo, "Peterborough."

Kioo kikawa cheusi. Orrin alikaa akiwa ameshikilia magoti yake. Halafu akatazama dirishani.

"Peterborough?" alisema. "Hapa?"

"Ndiyo, Baba."

"Zima taa, Shelagh."

"Baba..."

"Zima taa! Mke wangu hapelekwi mahali pasipo na balaa. Yeye akiwa hapa, balaa liko hapa." Akainuka, akayumba, akafunga pazia. "Haslett ameambiwa? Yule mzee ana madirisha makubwa."

Yalikuwa maneno ya kuchekesha, na kama yangesemwa katika nyumba nyingine watu wangecheka. Hapa hakuna aliyecheka. Tadek alijifanya anakunja waya.

Orrin alirudi akamwona Verna, akakumbuka kuwa kuna mtu wa kulindwa. Akamshika mkono, yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu Verna aingie nyumba ile. Kiganja chake kilikuwa bado kigumu kwa randa na misumeno.

"Usiogope, dada," alisema. "Sogea huku, mbali na madirisha. Mke wangu akisema ni tulivu, basi ni tulivu. Yule hasemi uongo."

"Hasemi," alisema Verna.

Wakakaa gizani, wameshikana mikono. Pumzi za Orrin zikatulia. Theluji ilikuwa inagonga dirisha kwa nje, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Kwa hiyo yu hai."

"Yu hai."

"Yuko hapa hapa mjini, na nyumbani hajaja." Hakulalamika. Alikuwa anafikiri. "Dada, wewe unatembea, unakutana na watu. Atarudi lini?"

Jibu la zamani likamjia Verna ulimini lenyewe, kama linavyomjia mtu jina lake. "Kazi ikiisha."

Orrin akatikisa kichwa.

"Hilo ni jibu lake. Nalijua, nimekaa nalo maisha yangu yote. Mimi nakuuliza wewe. Nipe siku, dada. Nijue siku ya kunyoa."

Shelagh alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la supu, mvuke unampanda usoni. Tadek aliacha waya zake. Verna aliutazama mkono ule mkubwa uliomshika bila kumjua. Akamwona Jean-Guy na Jumapili yake. Akagusa kitambaa kilichoficha nywele zake nyeusi.

"Kesho," alisema. "Kesho mchana, Orrin."